Gawaneni kazi za nyumbani kwa kufuata ratiba ya mitihani

Kama mume au mke wako anasomea udaktari wa meno na wewe ndiye unayekwenda kazini, msilazimishe kugawana kazi za nyumbani nusu kwa nusu kila wiki. Mtagombana bure. Muhula ukianza, chukueni ratiba yake mtie alama wiki za mitihani, hasa ya vitendo. Hiyo ndiyo inayomchosha mtu: anabaki maabara hadi usiku akichonga meno ya nta au kuziba meno ya plastiki, na wepesi wa mkono haupatikani kwa kusoma daftari kitandani. Wiki hizo ibebe nyumba wewe, na kazini omba mapema usipangiwe zamu za ziada. Mtihani ukiisha, yeye ashike jiko na watoto, nawe upumzike kweli.

Akifika miaka ya kliniki, yaani ya kujifunza kwa kutibu wagonjwa, mambo hugeuka. Mgonjwa akichelewa, naye anachelewa kurudi. Kwa hiyo suala la kumchukua mtoto shuleni msimwachie yeye peke yake. Awepo mtu wa akiba.

Na jioni moja kila wiki, vitabu vifungwe, simu ya kazini izimwe, mle pamoja.