Daraja lako lifuatilie mwenyewe: kupanda daraja kwa mwalimu wa serikali kunavyokwenda

Walimu wenzangu wa serikali hapa Tanzania, naandika hii kwa sababu kila mwaka kuna mtu ananifuata analalamika, mbona fulani tuliajiriwa nae mwaka mmoja, tuliripoti halmashauri siku moja, leo slipu yake ya mshahara inasoma TGTS E (TGTS ndio ngazi za mishahara ya walimu) na mimi bado nipo D, nimekosea wapi? Mara nyingi darasani hajakosea chochote, anafundisha vizuri na wanafunzi wanafaulu. Shida inakuwa karatasi moja ambayo haipo kwenye faili au tarehe moja iliyoandikwa vibaya kwenye orodha ambayo yeye hajawahi kuiona kwa macho.

Kwanza tuelewane maneno maana watu wanachanganya sana. Kutoka D.1 kwenda D.2 ni nyongeza ya mwaka, ile inayokujaga Julai, ambayo ilisimama miaka mingi ikarudishwa baada ya tamko la Mei Mosi 2023 pale Morogoro. Hiyo sio daraja. Daraja ni kutoka herufi kwenda herufi, C kwenda D, D kwenda E. Na kuteuliwa mkuu wa shule au afisa elimu kata nako sio daraja, hayo ni madaraka, yana posho yake na siku ukivuliwa posho inaondoka, ila daraja lako linabaki palepale. Nimeona mtu ameshika ukuu wa shule miaka mingi akaacha kabisa kufuatilia daraja akidhani cheo kitamvuta, hakikumvuta.

Unapoanzia inategemea elimu uliyoajiriwa nayo. Cheti unaanza TGTS B, diploma C, digrii D. Ukishaajiriwa una mwaka mmoja wa majaribio, baada ya hapo unathibitishwa kazini kwa barua. Barua hii jamani ndio mama wa barua zote! Bila kuthibitishwa hakuna daraja hata ufundishe masomo manne. Na haiji yenyewe kila mahali, sehemu nyingine mkuu wa shule lazima apeleke taarifa zako ndipo Tume ya Utumishi wa Walimu wilaya waifanyie kazi, kwa hiyo miezi kumi na mbili ikiisha muulize mkuu wako kama ameshapeleka, muulize kwa heshima lakini muulize.

Baada ya hapo unakaa kwenye daraja muda usiopungua miaka mitatu kwa mujibu wa muundo wa utumishi, ila kiuhalisia wengi wanapanda kwenye wa nne au zaidi. Neno "usiopungua" lisome vizuri, sio kwamba miaka mitatu ikitimia mshahara unabadilika, maana yake umeingia kwenye foleni. Foleni yenyewe ndio inaitwa TANGE, ni orodha ya watumishi kwa ukubwa kazini, ina jina, cheki namba (namba yako ya utumishi), tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa, cheo cha sasa na tarehe ulipokipata. Wanaochambua wa kupandishwa wanaanzia hapo, na wewe hapo hawakuoni kama mtu, wanakuona kama mstari.

Niwape langu. Mimi niliajiriwa 2012 nikathibitishwa 2013. Ilipofika 2016 nikawa nahesabu siku kabisa, mwaka huohuo upandishaji ukasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, kuna wenzetu walikuwa na barua mkononi na mshahara haukubadilika. Tukavumilia. Mambo yalipofunguka wenzangu wakaanza kupata, mimi kimya, mwaka wa kwanza kimya, wa pili kimya, mpaka nikaomba ruhusa nikapanda basi kwenda makao makuu ya wilaya. Ofisa akatoa lile lidaftari la TANGE lililochapwa, akaweka rula chini ya jina langu akaanza kuivuta taratibu kutoka safu hadi safu, ilipofika safu ya kuthibitishwa palikuwa peupe. Hakuna tarehe. Barua ninayo nyumbani, nakala ipo kwenye faili la mkurugenzi, ila kwenye jalada la Tume haikuwahi kufika. Sistimu haimjui mtu asiyethibitishwa, basi kila orodha ilipochambuliwa mimi naachwa na hakuna aliyefanya makusudi. Miaka miwili imeenda kwa karatasi moja. Niliumia sana siku ile, na ndio maana nasisitiza hivi.

Kwa hiyo jambo la kufanya wiki hii, sio mwakani. Mwalimu ana majalada mawili, moja halmashauri na lingine Tume ya Utumishi wa Walimu wilaya, na hayaongei. Barua ikiingia moja usidhani imeingia la pili. Tafuta siku moja ya likizo, beba fotokopi za barua ya ajira, ya kuthibitishwa, barua zote za madaraja uliyopata, za uhamisho kama umehama, vyeti na slipu ya karibuni, nenda ofisi zote mbili uombe wakuangalizie kama vyote vipo, ambacho hakipo acha nakala palepale. Halafu omba kuona mstari wako kwenye TANGE. Sio siri hiyo, ni taarifa zako. Waliohama halmashauri muwe makini zaidi, mtu anahama na mizigo yake jalada linabaki nyuma, unafika sehemu mpya unaonekana kama umeanza kazi juzi.

Sasa PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kazi wa mtumishi. Zamani tulikuwa na OPRAS, kazi hiyohiyo ila ya karatasi, tunajaza fomu mwezi wa sita kwa usiku mmoja, tunasaini, inaenda kukaa kabatini. Siku hizi ni kwenye mtandao, unaingia kwa akaunti yako ya ESS, ile ya mtumishi kujihudumia mtandaoni, unaweka majukumu, unaweka utekelezaji, msimamizi wako anaapruvu na kutoa alama, na alama hizo zinaangaliwa kwenye kupanda. Kosa kubwa ninaloliona ni mwalimu kujaza vizuri kabisa halafu kazi inakwama kwa msimamizi haijaapruviwa, na wewe unajua umemaliza. Ingia angalia tena, kama bado mkumbushe. Shule zenye mtandao mbovu wekeni siku moja kwa mwezi mjaze kwa pamoja, msilundike. Na usimpe mtu nywila yako akujazie, hata akiwa ndugu, humo ndani kuna taarifa zako zote za kiutumishi.

Jambo ambalo wengi hawalijui kabisa ni la bajeti. Mwaka wa serikali unaanza Julai mosi lakini makadirio ya mishahara, ile ikama (idadi ya watumishi) na bajeti, yanaandaliwa miezi mingi kabla, na mwajiri anatakiwa aonyeshe humo ni watumishi wangapi atawapandisha mwaka unaokuja. Kama wewe hukuhesabiwa humo, hata uwe na sifa zote kibali cha kukupandisha kitatoka wapi? Watu wanaenda kuuliza mwezi wa tano wakati chungu kimeshaepuliwa. Nenda mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, muulize afisa utumishi swali moja tu, mimi nimewekwa kwenye wanaopanda mwaka ujao au la? Akikuambia hapana muulize kwanini, hapo bado kuna muda wa kurekebisha.

Kinachozuia mtu wakati sifa anazo mara nyingi ni shauri la nidhamu ambalo halijafungwa. Kama uliwahi kushtakiwa ukasafishwa, hakikisha barua ya kumaliza shauri ipo kwenye majalada yote mawili. Kingine ni masomo. Ukienda kusoma bila ruhusa ya mwajiri unarudi na digrii ambayo kiutumishi haitambuliki, na hata ukienda na ruhusa, kubadilishiwa muundo kutoka diploma kwenda digrii ni jambo tofauti na kupandishwa daraja, lina foleni yake na bajeti yake. Kabla hujaomba kubadilishiwa uliza tarehe yako mpya ya TANGE itakuwa ipi, maana kuna walioingia haraka wakajikuta wanaanza kuhesabu upya.

Barua ya daraja ikija isome kabla hujapiga vigelegele. Angalia jina, cheki namba, cheo kipya, ngazi ya mshahara na tarehe ya kuanza. Tarehe ndio pesa. Kama barua inasema Julai mosi na slipu imebadilika Novemba, miezi ile ya katikati unadai malimbikizo, tunza barua na slipu zote za miezi hiyo. Na usishangae ongezeko mkononi likiwa dogo kuliko ulivyopiga hesabu, kwa sababu mfuko wa pensheni PSSSF asilimia 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2 kwa waliomo, na bodi ya mikopo 15 kwa wenye deni vyote vinakatwa kwa asilimia, mshahara ukipanda na vyenyewe vinapanda, kodi nayo ipo. Wiki hiyohiyo watu wa kukopesha watakupigia kukuambia moja ya tatu yako (sehemu ya mshahara inayotakiwa ibaki baada ya makato) imefunguka, yaani unaweza kukopa tena. Usiwajibu kwanza, kaa na slipu mpya walau miezi miwili uone maisha yanavyokaa.

Wanaokaribia kustaafu nawaomba msiseme "nimebakiza miaka mitano ya nini tena". Mafao yanakokotolewa kwa wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho, daraja moja ukilipata ukiwa na 56 utalila mpaka uzeeni. Na kama wewe ni wale walioajiriwa 2012 mpaka 2014 mliochelewa na hamkuguswa na mserereko, ule upandishaji wa kuwafidia waliocheleweshwa, wakati wenzenu wa mwaka huohuo waliguswa, hilo ni la kuandikia.

Kuandika kwenyewe ni hivi. Barua moja ukurasa mmoja, kwa Katibu Msaidizi wa Tume wilaya, K.K. (kupitia kwa) mkuu wa shule, nakala kwa mkurugenzi. Usilalamike kwa maneno mengi wala usimtaje fulani kwamba amependelewa, weka tarehe nne: ajira, kuthibitishwa, daraja la mwisho, na lini ulistahili linalofuata, halafu ambatanisha ushahidi wa kila tarehe. Usitume kwa mtu, peleka mwenyewe masjala ukiwa na nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe, hiyo uondoke nayo.