SOMO: Jinsi ya kuzunguka Ulaya kwa treni kwa pasi moja (Eurail na Interrail)

Wadau habari zenu. Wengi mnaniuliza hii kitu, mnakuja kutembelea ndugu Ujerumani au Uholanzi mnataka mpite na Vienna, Milano, Paris, mkiangalia nauli ya kila treni mnakata tamaa, so naandika mara moja kwa wote. Mimi naishi huku na pasi, yaani tiketi moja ya kupandia treni za nchi nyingi, nimeshaitumia mara tatu.

HATUA YA 1, ijue pasi yako. Anayeishi nje ya Ulaya anakata Eurail, anayeishi Ulaya anakata Interrail. Kinachoangaliwa ni unaishi wapi, sio pasipoti yako ya nchi gani, kwa hiyo Mtanzania mwenye kibali cha kuishi Ujerumani ni Interrail, na ndani ya Ujerumani anapewa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi basi. Ile inayoitwa Global inafika nchi 33. Ila jamani pasi ya treni sio viza! Viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya) uwe nayo, na ukitaka kuvuka mpaka London ni viza nyingine kabisa ya Uingereza.

HATUA YA 2, chagua siku. Kuna ya siku 4 za kusafiri ndani ya mwezi mmoja, siku 7 ndani ya mwezi, siku 10 ndani ya miezi 2 na kadhalika. Siku moja ya safari inaanza saa 6 usiku mpaka saa 5:59 usiku unaofuata, humo panda treni hata saba. Hapa ndipo watu wanapopigwa, na mimi nilipigwa: nilipanda treni ya saa 4 usiku, nikabadilisha saa 7 usiku, siku ya pili ikaliwa yote kwa kile kipande cha dakika 40. Ningepanda treni ya usiku ya moja kwa moja isiyo ya kubadilisha, ingehesabiwa siku ya kuondoka tu. Siku zako zitunze kama hela. Vienna kwenda Bratislava ni kama saa moja tu, nunua tiketi ya kawaida, usiunguze siku.

HATUA YA 3, shusha app ya Rail Planner, ingiza namba ya pasi na jina la ukoo, iwashe, halafu kila safari unaiweka humo KABLA hujapanda. Kondakta akija anaskani kile kimraba cha QR na anaweza kukuomba pasipoti.

HATUA YA 4, siti. Ujerumani, Austria, Uswisi, Uholanzi treni nyingi za ndani unapanda tu. Treni za kasi za Ufaransa (TGV), za Hispania na za Italia (Frecciarossa), Eurostar (treni ya kasi ya London, Paris, Brussels na Amsterdam) na treni za usiku lazima ubuki siti na ulipie juu ya pasi, na Eurostar nafasi za wenye pasi ni chache, wahi. Kwenye ICE (treni za kasi za Ujerumani) tazama kiskrini kidogo juu ya siti, kinaonyesha siti imebukiwa kutoka wapi mpaka wapi: kikiandika Mannheim–Basel na wewe umepandia Frankfurt, kaa kwa amani mpaka Mannheim, mwenyewe anapandia pale.

MASWALI

Swali: Asante mkuu kwa somo. Nina mama wa miaka 62 na mtoto wa 9, kuna punguzo?
Jibu: Lipo dada. Kuanzia 60 ni asilimia 10, vijana wa 12 mpaka 27 hadi asilimia 25. Mtoto wa 4 mpaka 11 pasi yake bure, ila iagize pamoja na ya kwako, usije ukafika naye mikono mitupu.

Swali: Metro ya Paris imo?
Jibu: Haimo, wala mabasi ya mjini. S-Bahn (treni za mjini na vitongoji) nyingi za Ujerumani zimo, lakini zinakula siku yako.

Swali: Kaka nakuja siku 8, Amsterdam, Brussels na Paris tu, nikate?
Jibu: Usikate ndugu yangu. Miji hiyo iko karibu karibu, nunua tiketi moja moja mapema. Pasi inalipa ukienda mbali au kama hujui kesho utaamkia wapi.

Swali: Na simu ikizima chaji?
Jibu: Hapo kondakta anakuhesabu huna tiketi. Beba pawabenki, na uichaji usiku kabla hujalala.