Namna ya Kufunga na Kutunza Chujio katika Kompyuta Inayopozwa kwa Maji

Ndani ya bloku ya prosesa, yaani kile kifaa kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji, kuna bamba la shaba lililochongwa vijifereji vyembamba, ambavyo upana wake mara nyingi huwa kati ya milimita 0.2 na 0.4. Maji hupita humo yakibeba joto kuelekea kwenye rejeta, kifaa kinachotawanya joto hilo hewani, na uchafu wowote ulio mkubwa kuliko nafasi hiyo hunasa mlangoni mwa vijifereji na kukaa hapo. Dalili huja polepole: joto la prosesa hupanda wiki baada ya wiki ilhali maji yenyewe hayajapata joto zaidi, na mwenye kompyuta huanza kuilaumu feni au pampu. Kazi ya chujio ni kuunasa uchafu huo kabla haujafika kwenye bloku, mahali ambapo unaweza kuutoa bila kubomoa mfumo mzima. Maelezo haya yanahusu mifumo ya kujifungia mwenyewe, yenye tangi, pampu na fitingi (viunganishi vya mipira ya maji). Ile inayouzwa ikiwa imefungwa kabisa kiwandani haikusudiwi kufunguliwa, na hakuna chujio la kuiongezea.

Kwanza ni lazima tuliondoe chujio la nyumbani katika hesabu. Wapo wanaofikiri kwamba chujio la jikoni, lenye mkaa au lenye katriji ya kunasa mchanga, likiunganishwa kwenye mipira ya maji ya kompyuta litafanya kazi bora zaidi kwa kuwa linachuja vitu vidogo zaidi. Chujio la aina hiyo limetengenezwa kwa ajili ya shinikizo la bomba la mtaani, ambalo hufika bar kadhaa, wakati pampu ya D5, inayotumika sana katika kompyuta, huweza kuyapandisha maji karibu mita 4 tu, yaani shinikizo lisilofika hata nusu bar, na hapo ni kabla ya kuhesabu ukinzani wa bloku na rejeta. Mtiririko utadhoofika mno. Mkaa nao hunyonya dawa za kuzuia kutu na mwani zilizomo katika maji ya kupozea, kwa hiyo unabaki na maji yasiyo na kinga. Vilevile, maji ya bomba yaliyopitishwa kwenye chujio la kawaida bado yana chumvi zilizoyeyuka. Kwa anayeishi pwani na kutumia maji ya kisima jambo hili halihitaji maelezo. Tumia maji yaliyokenekwa (distilled) pamoja na dawa yake, au kimiminika cha kupozea kilichochanganywa tayari. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta hufaa iwapo lebo inasema wazi kuwa ni maji yaliyokenekwa na hayana kitu kingine; soma lebo hiyo kwa makini, kwani asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyo hiyo na katika chupa zinazofanana.

Chujio linalofaa ni lile lililotengenezwa kwa ajili ya kompyuta: kikombe kidogo chenye wavu wa chuma kisichoshika kutu na nyuzi za G1/4, ambazo ndizo nyuzi za kawaida za fitingi za kazi hii. Wavu wenye matundu ya maikroni 50 hadi 100 (maikroni 1,000 ni milimita moja) unatosha, maana hata tundu la maikroni 100 ni nusu ya kijifereji chembamba nilichokitaja. Wavu mwembamba kupita hapo huziba haraka bila faida inayoonekana. Ukipata chujio lenye valvu mbili, moja kila upande, lichukue hata kama bei yake iko juu kidogo, kwa sababu valvu hizo ndizo zitakazokuwezesha kulisafisha bila kumwaga maji yote.

Kabla ya kufunga chochote, safisha rejeta. Rejeta mpya ndiyo chanzo kikubwa cha uchafu katika mfumo mpya, kwa kuwa hutoka kiwandani ikiwa na mabaki ya dawa ya kulehemu na vipande vya risasi ya kuunganishia. Ijaze nusu kwa maji ya moto yaliyokenekwa, ziba matundu, itikise kwa nguvu, kisha mimina maji hayo juu ya kitambaa cheupe. Rudia mpaka kitambaa kibaki safi. Chujio halichukui nafasi ya hatua hii. Ukiiruka, wavu utajaa siku ya kwanza.

Mahali pa kuliweka ni baada ya pampu, kabla ya bloku. Usiliweke kati ya tangi na pampu, kwani likianza kuziba pampu itakosa maji ya kutosha, na pampu za aina hii hulainishwa na maji hayo hayo yanayopita ndani yake. Mpangilio ninaoupendelea ni tangi, pampu, rejeta, chujio, bloku ya prosesa, kadi ya picha, kisha kurudi tangini, kwa sababu hapo chujio linanasa pia kinachotoka kwenye rejeta. Fuata mshale uliochorwa juu ya kikombe, na uliweke chini ya kadi ya picha au kando yake, kamwe si juu yake, ili matone ya siku ya kusafisha yasiangukie penye umeme. Kaza fitingi kwa mkono. Fitingi za G1/4 huziba kwa oringi, yaani pete ya mpira, hivyo tepu nyeupe ya mafundi bomba haihitajiki hapa, na vipande vyake vikikatika vitaishia kwenye wavu.

Unapojaza maji kwa mara ya kwanza, umeme ufike kwenye pampu peke yake. Zima pawa saplai, chomoa waya zote zinazokwenda kwenye ubao mama na kadi ya picha, kisha tumia kiunganishi kidogo maalumu kinachochomekwa kwenye plagi ya pini 24, ile kubwa ya ubao mama, ili pawa saplai iwake bila ubao. Tandika karatasi za jikoni chini ya kila fitingi na uiache pampu izunguke saa 24. Inamisha kasha taratibu huku na huku ili hewa itoke, hasa ndani ya kikombe cha chujio, ambako povu hupenda kujificha.

Baada ya saa hizo 24, zima, chomoa umeme, funga valvu na ufungue kikombe. Hapa ndipo chujio linapolipa gharama yake, kwa kuwa kilichonasa kinakueleza hali ya mfumo. Chembe za kijivu zinazong'aa kwa kawaida ni za kulehemu, nazo hupungua zenyewe. Utando mweupe unaonata kama mafuta yaliyoganda hutoka kwenye mipira laini ya PVC, na dawa yake ni kuibadili kwa mipira ya EPDM, aina ya raba. Unga wa kijani au buluu ni kutu ya shaba. Chunguza pia kama kuna kifaa cha aluminiamu kilichoingia kwenye mfumo wa shaba, kwani metali hizo mbili hazipaswi kukutana katika maji mamoja. Ute wa kijani unaoteleza ni mwani, na hapo kusafisha wavu peke yake hakutoshi: mwaga maji yote, safisha kila kifaa, weka maji mapya yenye dawa.

Sugua wavu kwa mswaki laini ukitumia maji yaliyokenekwa, kagua oringi, rudisha, kisha ongeza maji yaliyopungua tangini. Angalia tena baada ya wiki moja na baada ya mwezi; ukikuta wavu safi, kila miezi sita inatosha. Mwenye kipima mtiririko aandike kiwango cha siku ya kwanza: wafungaji wengi huridhika na lita 60 kwa saa na zaidi, na kushuka taratibu kutoka kiwango chako cha awali ni ishara ya kufungua kikombe.

Wapenzi wa vimiminika vizito vyenye rangi ya maziwa wafunge mfumo wao bila chujio, au walitumie wakati wa kusafisha tu, wakati bado ni maji matupu yanayozunguka. Rangi ile ni chembe ngumu zinazoelea, nazo hujikusanya kwenye wavu hadi kuuziba.