Pezi Lililochanika, Dawa Yake Maji: Kumuuguza Samaki Beta Nyumbani Mombasa

Mwezi uliopita niliitwa nyumba moja Kisauni kutazama kuku. Nilipokuwa nanawa mikono, mama mwenye nyumba akaniambia, "Ami, hebu ingia umtazame na huyu samaki wa mtoto. Tumemtia dawa ya kuku siku ya tatu leo, hapati nafuu." Juu ya kabati palikuwa na chupa ya kioo ya kama lita mbili, maji yamegeuka manjano kwa ile dawa. Ndani yake alikuwamo beta dume, samaki wa mapambo, mwekundu, mkia umebaki nyuzinyuzi kama leso iliyoraruka. Chini ya chupa, chembe za mkate zilikuwa zimevimba na kuota ukungu.

Hali kama hiyo naiona mara nyingi, na inaniuma kwa sababu tiba yake iko ndani ya uwezo wa kila nyumba. Pezi la beta huota lenyewe. Likikataa kuota, anza kuyashuku maji kabla ya kutafuta dawa yoyote.

Mmulike kwanza kwa tochi ya simu ukiwa ubavuni mwa tangi, umtazame bila haraka. Mpasuko ulionyooka, wenye kingo safi, ni wa kukwaruzwa na kitu. Pezi lililomegwa kwa umbo la nusu duara, na jana lilikuwa zima, mara nyingi samaki amejitafuna mwenyewe. Wale wenye mikia mirefu mizito ndio wenye tabia hiyo, hasa mkondo wa filta ukiwasukuma siku nzima. Ukiona ukingo umeyeyuka, umekuwa mweusi au mwekundu, ama una utando mweupe, huo ni uozo wa mapezi. Bakteria wanaouleta, kama Aeromonas na Pseudomonas, wamo majini siku zote. Hungoja samaki adhoofike.

Kama ni kukwaruzwa, tafuta kilichomkwaruza. Chukua mtandio mwepesi usiovaliwa tena, uburute juu ya mimea ya plastiki, mawe na mdomo wa filta. Panaponasa uzi, pezi pia litanasa. Kitoe kitu hicho hata kama ni kizuri. Na unapomhamisha samaki, mteke kwa kikombe, kwa maana wavu humwongezea michaniko.

Sasa maji. Beta asili yake ni vinamasi na mashamba ya mpunga ya Thailand na nchi jirani, naye ana kiungo maalumu kichwani cha kuvutia hewa ya juu ya maji. Ndiyo maana anaweza kukaa hai chupani, na watu wakadhani anastarehe. Pumzi anaipata, lakini kinyesi chake na chakula kinachooza vinatoa amonia, na amonia inamuunguza ngozi, mapezi na matamvua. Katika chupa ya lita mbili sumu hiyo hupanda haraka sana. Mpe tangi la lita 20 au zaidi, lenye filta ya sponji inayopuliza polepole, lifunikwe kwa sababu beta huruka, na uache nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya maji na kifuniko ili apate hewa.

Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima huwa magumu, yaani yenye chokaa nyingi, mengi yana chumvi, na vipo visima vinavyopakana na vyoo vya shimo. Maji magumu huelekea kuwa na pH (kipimo cha uchachu wa maji; namba ikipanda uchachu umepungua) ya juu, na kiasi kilekile cha amonia katika pH 8 huwa na sumu karibu mara kumi kuliko katika pH 7. Joto nalo huizidisha. Kwa hiyo mtu wa Mombasa hawezi kulegeza ubadilishaji wa maji hata kidogo. Ukipata maji ya mfereji, yatumie hayo. Ukinunua kwa mkokoteni, muulize muuzaji ameyateka wapi, na uyaonje: yakiwa na chumvi ulimini, mwachie afulie nguo.

Maji ya mfereji yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24, uyakoroge mara kwa mara, au tumia matone ya kuondoa klorini yanayouzwa na wenye maduka ya samaki wa mapambo. Matone ndiyo ya uhakika zaidi. Maji ya kunywa mliyoyatia dawa nyumbani nayo yana klorini, na hili watu husahau. Ndoo ya samaki iwe ya samaki tu, isiguswe na sabuni.

Kwa mgonjwa aliye katika tangi la lita 20, toa lita 5 kila siku pamoja na uchafu wa chini, urudishe lita 5 zenye joto lilelile. Kama yumo katika beseni la muda la lita 5, badilisha nusu au zaidi kila siku. Ukiwa na vipimo vya matone vya kupimia maji, amonia na nitriti, sumu inayotokana na amonia, ziwe 0, na nitrati, inayotokana na nitriti, isizidi miligramu 20 kwa lita. Sponji ioshe kwa maji uliyoyatoa tangini, usiioshe bombani, maana humo ndimo wanamokaa bakteria wema wanaoila amonia. Stima ikipotea saa nyingi, bakteria hao wanaweza kufa. Siku inayofuata badilisha maji zaidi.

Joto linalomfaa ni nyuzi 25 hadi 27, kwa hiyo wengi wetu hatuhitaji hita. Hatari ni ile miezi ya kaskazi, tangi likiwa dirishani. Lisogeze kivulini.

Chumvi husaidia kidogo, kwa kipimo: kijiko cha chai kilichosawazishwa, yaani gramu 5 hivi, kwa lita 5 za maji. Iwe chumvi tupu isiyochanganywa na kitu, uiyeyushe kikombeni kwanza. Siku 7 zinatosha, zisizidi 10. Unapobadilisha maji, tia chumvi ya yale mapya peke yake. Maji yakipungua kwa mvuke usiongeze chumvi, kwani haikuondoka. Wala usimtie maji ya bahari eti kwa kuwa watu husema yanakausha vidonda. Yale yana gramu 35 za chumvi kwa lita, naye ni samaki wa maji baridi.

Na tuna mkungu. Jani lake, la mti uleule ambao watoto wanaponda kungu chini yake, ndilo wafugaji wa Thailand wanalomtumilia beta miaka mingi. Okota lililoanguka lenyewe na kukauka kahawia, mbali na barabara na dawa za wadudu, lioshe, uweke jani moja kwa lita 20. Maji yatakuwa na rangi ya chai nyepesi. Libadilishe likianza kusambaratika.

Mkate, wali na chapati hapana. Beta ni mla nyama: punje mbili tatu za chakula chake asubuhi na jioni, na viluwiluwi vya mbu anavipenda sana, mradi visitoke mtaroni.

Yule wa Kisauni tulimhamishia tangi dogo, dawa ya kuku tukaiacha. Siku ya tisa mtoto alinitumia picha: ukingoni mwa mkia paliota utando mwangavu, mwembamba kama ule wa ndani ya ganda la yai. Huo ndio pezi jipya. Wengi huuona wakadhani ni ugonjwa, wakaanza dawa upya. Rangi huja baadaye, na mkia mzima unaweza kuchukua wiki kadhaa.

Lakini uozo ukiendelea kupanda baada ya siku nne au tano za maji safi, ukakaribia mwili, au samaki akaacha kula, mtafute daktari wa mifugo anayejua samaki. Mpelekee picha za kila siku na vipimo vya maji, umweleze pia kila dawa uliyokwisha kuitia.