Mambo ya kuzingatia kabla wawili hamjabeba mabegi kwenda Tallinn, Riga na Vilnius

Vuli ya nchi za Baltiki, yaani Estonia (Tallinn), Latvia (Riga) na Lithuania (Vilnius), si vuli yetu ya mvua. Kule ni miezi ambayo majani hugeuka manjano na kupukutika, Septemba hadi Novemba, na kila wiki inayopita inaibadilisha safari yenyewe. Mwisho wa Septemba mnaweza kula mchana nje, juani, na koti jepesi begani. Katikati ya Novemba jua la Tallinn huzama kabla ya saa kumi alasiri. Kwa hiyo kabla hata ya tiketi, kubalianeni mnakwenda wiki gani. Mimi na mke wangu tuliiogopa baridi peke yake, tukanunua makoti mazito, na kumbe baridi tuliimudu. Kilichotuchosha ni giza na unyevu, na hivyo ndivyo ningewasihi mjiandae navyo kwanza.

Nianze na njia. Ningewashauri muanzie kaskazini mshuke kusini: Tallinn, Riga, halafu Vilnius. Vuli inaanzia juu, nanyi mtakuwa mnashuka nayo. Kutoka Tallinn hadi Riga ni kama kilomita 310, Riga hadi Vilnius kama 300, na kila kipande ni saa nne hadi tano kwa basi. Tangu mwisho wa 2023 ipo pia treni ya moja kwa moja kati ya Riga na Vilnius. Kaeni dirishani, maana miji hiyo mitatu ndiyo iliyounganishwa na mnyororo wa watu wapatao milioni mbili walioshikana mikono tarehe 23 Agosti 1989, wakidai uhuru wao kutoka Umoja wa Kisovieti. Kwenye uwanja wa kanisa kuu la Vilnius kuna kigae kimeandikwa Stebuklas, yaani muujiza, kinachoonyesha mnyororo ule ulipoishia. Sisi tulisimama hapo tukashikana mikono bila kuambizana.

Viza moja ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inatosha nchi zote tatu, lakini ombi ni la kila mtu peke yake. Unaombea katika nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ile mnayoingilia. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya afya iwe ya angalau euro 30,000, na ifunike siku zote za safari. Mnaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, ila msisubiri huko mwisho, kwa sababu jibu lenyewe kwa kawaida huchukua siku 15 na linaweza kufika 45. Kwa wanandoa wa kwetu liko moja zaidi: wengi wetu mke hubaki na jina la baba yake, na afisa hatajua kwamba ni mke na mume mpaka aone cheti cha ndoa, kikiwa na tafsiri kama kimeandikwa Kiswahili. Ratiba na uhifadhi wa vyumba vya maombi yote mawili vifanane siku kwa siku.

Pesa ni nyepesi, kwani nchi zote tatu zinatumia euro, Estonia tangu 2011, Latvia 2014 na Lithuania 2015. Karibu kila mahali mtalipa kwa kugusisha kadi. Ugumu uko nyumbani. Siku ya pili tu ya safari benki moja iliifunga kadi yangu, na ujumbe wa kuthibitisha ulikuwa unatumwa kwenye laini ya Tanzania niliyokuwa nimeizima. Ya mke wangu ndiyo iliyotulisha siku nne. Basi kila mmoja awe na kadi yake, ya akaunti yake, kwenye begi lake; iarifuni benki mapema; na laini ya nyumbani iwashwe kupokea ujumbe nje ya nchi. Nakala za pasipoti mbadilishane, yako akae nayo yeye.

Sasa viatu, na hapa naomba mnisikilize. Miji ya kale ya Tallinn na Riga ina vijia vya mawe ya mviringo yaliyosuguliwa kwa mamia ya miaka, na vuli inayafunika kwa majani yaliyolowa. Yanateleza kama sabuni. Ndiyo sababu begi la mgongoni linashinda sanduku la magurudumu, na ndiyo sababu kiatu kiwe kisichopitisha maji, chenye soli ya kushika, kilichokwisha kuvaliwa nyumbani angalau wiki mbili. Jioni moja pale Riga, kati ya stesheni ya mabasi na Soko Kuu, mke wangu alisimama katikati ya manyunyu na raba zake za turubai, akaniambia, "Mume wangu, vidole vya miguu sivisikii." Tuliingia sokoni, ndani ya yale majengo makubwa yaliyotokana na mabanda ya ndege-puto za Wajerumani, tukanunua soksi za sufu kwa mama mmoja, akazivaa palepale amekaa juu ya kreti. Raba tulizijaza magazeti usiku kucha, na asubuhi bado zilikuwa mbichi.

Hazikukauka kwa sababu ya jambo ambalo hakuna aliyetuambia. Majengo mengi ya kule hupashwa joto kwa maji ya moto yanayopitishwa kwenye mabomba ya mji mzima, na mfumo huo haufunguliwi kwa matakwa ya mpangaji. Lithuania msimu huanza pale wastani wa joto la nje unaposhuka chini ya nyuzi 10 kwa siku tatu mfululizo. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa Oktoba, chumba kinaweza kuwa cha baridi kuliko mlivyodhani, na nguo mliyofua leo itakuwa na majimaji keshokutwa. Kabla ya kulipia chumba, muulizeni mwenyeji: joto la jengo limeshafunguliwa? Kuna hita ya umeme? Acheni jinzi nyumbani. Chukueni nguo nyembamba za kuvaliana tabaka juu ya tabaka, na juu yake koti la mvua lenye kofia. Mwavuli kwa upepo wa bahari wa Tallinn haufui dafu.

Kwa giza, kitu kidogo kuliko vyote ndicho muhimu: reflekta. Estonia sheria inamtaka mtembea kwa miguu awe nayo gizani. Wenyewe huiita helkur. Ni kipande cha plastiki, pengine cha umbo la chembe ya theluji, kinachoning'inia kwa uzi kutoka mfuko wa koti hadi karibu na goti, na pini upande wa ndani. Ukitembea kinazunguka na kurudisha mwanga wa taa za magari. Mchana unakirudisha mfukoni. Vinauzwa madukani kwa bei ndogo, nunueni viwili siku ya kwanza. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na jioni yote inasogea ghafla. Hadi siku hiyo saa ya huko na ya Afrika Mashariki ni moja, kwa hiyo kupiga simu kwa wazazi hakuna hesabu.

Chakula kina viazi, mkate mweusi wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, samaki wa moshi, na nguruwe kwa wingi. Msiotumia nguruwe muulize kabla ya kuagiza cepelinai, yale madonge ya viazi ya Lithuania, maana nyama ya ndani mara nyingi ndiyo hiyo. Trakai, kama nusu saa kwa treni kutoka Vilnius, kuna kibinai za Wakaraim, jamii ndogo ya huko, mfano wa sambusa nene iliyookwa, na ya asili ni ya kondoo. Maji ya bomba yananyweka, bebeni chupa. Soketi ni za matundu mawili ya duara, pini zetu tatu haziingii bila adapta.

Na kama tarehe zinawaruhusu, pangeni mwisho wa safari uwakute Vilnius tarehe 1 Novemba. Jioni hiyo watu huenda makaburini kuwawashia mishumaa marehemu wao, na mlima wa makaburi ya Rasos huwaka mwanga kutoka chini hadi juu. Mishumaa inauzwa langoni. Vaeni soksi mbili mbili, kwa sababu mtasimama muda mrefu.