Kabla ya "shilingi ngapi": kuchagua raba za kukimbilia kwenye meza ya mtumba

Mteja akifika mezani kwangu hapa Memorial, Moshi, neno lake la kwanza ni moja: "Mangi, shilingi ngapi?" Kiatu amekishika kwa vidole viwili, ameangalia rangi, ameangalia nembo, basi. Mguu wake mwenyewe hautajwi kabisa. Nauza raba za mtumba mwaka wa kumi na moja sasa, na alfajiri nne kwa wiki nakimbia kabla sijafungua biashara, kwa hiyo haya nayaandika nikiwa pande zote mbili za meza. Wenzangu sokoni wataninunia kwa baadhi yake.

Anza na mguu. Usije saa mbili asubuhi, maana mguu wa asubuhi ni mdogo. Ukishinda umesimama unavimba kidogo, na ukikimbia kilomita kumi unavimba zaidi. Njoo jioni, na soksi zilezile utakazokimbilia. Kama unamtuma mtu, simama juu ya karatasi kisigino kikiwa kimegusa ukuta, weka alama kwenye ncha ya kidole kinachofika mbali zaidi (si lazima kiwe kile kikubwa), kisha pima kwa sentimita. Pima miguu yote miwili. Watu wengi mguu mmoja umemzidi mwenzake, na kiatu hununuliwa kwa ajili ya ule mkubwa.

Namba zina uongo mwingi. Arobaini na mbili ya kampuni hii ni arobaini na tatu ya ile. Ndani ya ulimi wa kiatu kuna lebo yenye namba za Ulaya, Uingereza na Marekani, na mara nyingi kuna sentimita pia, wakati mwingine zimewekewa herufi JP. Mimi huanzia hapo. Unyayo wangu ni 26.5, navaa 27.5.

Halafu lebo nayo naiweka pembeni, kwa sababu kuna kipimo kizuri kuliko vyote na hakuna anayekitumia. Vuta ile soli laini ya ndani itoke, iweke chini, simama juu yake. Mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Pembeni, nyama ya mguu isimwagikie nje. Ikimwagika, kiatu ni chembamba, na kupanda namba hakutakusaidia. Utapata kiatu kirefu na bado chembamba. Miguu mingi ninayoiona hapa ni mipana mbele, imekulia kwenye kandambili na shambani. Tafuta kwenye lebo 2E au 4E, ndiyo alama ya upana ambayo baadhi ya kampuni huandika. Dada zangu, msione haya kuvaa za kiume. Nesi mmoja, mteja wangu, aliteswa na malengelenge ya kidole kidogo karibu mwaka mzima. Nilimpa ya kiume yenye sentimita zilezile, yakakoma.

Kila wiki kuna mtu ananiambia mbona Abebe Bikila, yule Mwethiopia, alikimbia pekupeku. Ni kweli, marathoni ya Olimpiki, Roma 1960, na alishinda kwa saa 2:15:16. Lakini alikuwa amezoea kufanya mazoezi pekupeku, na viatu alivyopewa kule havikumkaa vizuri, ndiyo maana akaviacha. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu na akashinda tena, saa 2:12:11. Wewe mguu wako umekaa ndani ya kiatu cheusi cha shule tangu darasa la kwanza, leo unataka kuuachia lami ya Moshi.

Sponji

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Raba ya kukimbilia ina tabaka tatu: kitambaa cha juu, sponji nene ya katikati, na mpira wa chini unaogusa barabara. Mnunuzi wa mtumba hukagua juu na chini. Kitambaa hakijachanika, mpira una meno, analipa. Kumbe kinachobeba mwili wake ni ile ya katikati, na ndiyo inayokufa kimyakimya. Raba mpya ya kawaida hukimbiwa kama kilomita 500 hadi 800 kabla sponji haijachoka. Iliyofika Memorial, kuna Mzungu ameshakula sehemu yake, na hatukuulizana naye amekula ngapi.

Ibonyeze kwa kidole gumba upande wa kisigino, kisha ingiza mkono ndani ubonyeze mbele. Nzima huzama kidogo ikarudi. Iliyokufa ni ngumu kama katambuga, au huzama ikabaki palepale. Angalia ubavuni: mikunjo midogomidogo ikijaa upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza alikuwa akiulalia upande huo. Kisha iweke mezani, usiishike mkononi, rudi nyuma hatua mbili, inama uitazame kisigino. Ikiinamia ndani au nje, iache. Hutainyoosha, itakupinda yenyewe. Kulika kidogo kwenye kona ya nje ya kisigino hakunishtui, raba ya karibu kila mtu hulika hapo. Mwisho ikunje: ikunjike pale vidole vinapokunjikia. Inayokunjika katikati kama daftari irudishe kwenye rundo.

Kuna raba nyingine zinafika zinang'aa, hazijavaliwa hata siku moja, zilikaa stoo ya watu miaka na miaka. Hizo naziogopa kuliko zilizochakaa. Gundi hukauka, na aina fulani za sponji hunyonya unyevu wa hewa mpaka zinasagika kama andazi la juzi. Kwenye lebo, chini ya namba, baadhi ya kampuni huchapa mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwa maandishi madogo sana. Washa tochi ya simu usome. Mimi sivuki miaka mitano.

Somo hilo nililipia kwenye Kilimanjaro Marathon, ile nusu ya kilomita 21. Njia inapanda kuelekea Mweka, kisha mnarudi mjini kwa mteremko. Nilikuwa na raba za mashindano za rangi ya chungwa, nyepesi, hazina doa, nimezichagua kwenye mzigo wangu mwenyewe wiki moja kabla. Kupanda zilinibeba vizuri. Tulipogeuka, soli ya kulia ikaanza kupiga makofi: pa, pa, pa. Watoto waliosimama kando ya barabara walicheka mpaka wakakaa chini. Nikaomba kipande cha kamba kwenye duka la njiani, nikakifunga kiatu chote kama mzigo wa majani ya ng'ombe, nikamaliza nikiwa na kucha mbili nyeusi. Na muuzaji wa kumlaumu sikumpata, maana alikuwa mimi.

Sasa yale ya kununiwa. Raba ikifika imechafuka, tunaisugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, tunaianika juani. Inapendeza, ila joto hilo huichosha gundi na sponji. Sponji iliyogeuka njano wapo wanaoipaka rangi nyeupe. Ikwaruze kidogo kwa ukucha uone kama rangi inabanduka. Soli iliyoachia inabandikwa upya. Tafuta mstari wa gundi inayong'aa kwenye mshono wa soli na kitambaa, na uinuse, gundi mpya haifichi harufu. Kubandikwa si kosa, fundi mzuri akibandika hudumu, lakini uambiwe na bei ishuke. Muulize muuzaji waziwazi, "Hii imeguswa?" Atakayejibu haraka sana mtazame machoni.

Za kila siku

Mtu ananiambia anataka raba ya mazoezi na raba ya mashindano, pesa yake elfu themanini. Namwambia anunue moja ya mazoezi kwa elfu sitini, inayobaki anunue soksi zisizo za pamba. Pamba ikilowa jasho huchubua. Raba ya kila siku ndiyo inayobeba kilomita zako zote, kwa hiyo iwe na sponji ya kutosha, kisigino kimeshikwa vizuri, vidole viko huru, na isiwe na kitu chochote unachokisikia. Kikikubana mezani, usiamini nikikuambia kitatanuka. Viatu vya ngozi hutanuka. Raba unaiondoa kwenye meza ikiwa tayari imekukubali.

Usichanganye ukoo. Air Force 1 ni kiatu kizuri cha kwendea harusini, kwa kilomita nane ni tofali. Raba za kikapu ni nzito, za mpira wa miguu zina njumu. Zile za porini zenye meno marefu ni nzuri masika, ukipita njia za udongo mwekundu kwenye migomba. Kwenye lami meno yake huisha upesi, na unyayo unayasikia moja moja. Kama nusu ya njia yako ni lami na nusu vumbi, chukua ya barabarani yenye mpira mpana chini. Mimi nakimbia hivyo.

Jambo moja ambalo halionekani kwa macho ni tofauti ya unene kati ya kisigino na mbele. Raba nyingi za kawaida zina milimita 8 hadi 12, zipo za 4, na zipo bapa kabisa. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Lakini ukitoka kwenye kisigino kirefu ukaingia ghafla kwenye bapa, kigimbi na kano ya kisigino vitakulalamikia ndani ya wiki. Ndiyo maana nasema njoo na raba yako ya zamani, hata kama inanuka. Nikiiona ilivyolika najua zaidi kuliko maelezo yako ya robo saa.

Ukishavaa zote mbili, kimbia. Kwangu kuna uchochoro mpaka kwa mama muuza ndizi na kurudi, kama mita arobaini. Wateja wengine wanaona aibu, wanatembea hatua tatu kama bibi harusi. Kimbia. Kisigino kikipanda na kushuka ndani, kwanza pitisha kamba kwenye tundu la mwisho kabisa, lile ambalo watu huliacha. Kikiendelea, kiatu si chako.

Za mashindano

Septemba 2025, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni kwenye Mashindano ya Dunia ya riadha, Tokyo, kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros mpaka picha ikaamua, wiki nzima nilikuwa naulizwa kiatu cha Simbu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza Simbu anakimbia kilomita ngapi kwa wiki.

Raba hizi mpya za mashindano, nene, zenye bamba la kaboni ndani, zilishika kasi tangu Nike walipoingiza Vaporfly sokoni 2017. Zinasaidia kweli, si uchawi wa matangazo, na ndiyo maana World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, waliweka mpaka mwaka 2020: soli ya barabarani isizidi milimita 40, na bamba liwe moja tu. Lakini fikiria zinavyofika kwangu. Sponji yake ni laini na huchoka mapema kuliko ya raba ya kawaida, na aliyeitupa huko alikuwa mkimbiaji, aliitupa akijua kwa nini. Unanunua bamba lililozungukwa na sponji maiti. Kisha kuna feki, ambazo bamba lake ni plastiki. Nikiipata nzima kweli, bei yake haifanani na mtumba.

Tena inataka kasi na mguu uliozoea. Kwa mtu anayemaliza 21 kwa saa mbili na nusu, faida yake ni ndogo, na kwenye mteremko wa Mweka ule urefu wa soli unayumba kama ngazi ya mianzi. Ukitaka kitu cha mashindano, tafuta raba nyepesi kidogo kuliko ya mazoezi, yenye umbo na kisigino vinavyokaribiana nayo. Ikimbilie mara tatu nne kabla, mara moja iwe mbio ndefu. Kwa njia zetu za kupanda na kushuka, pima na mteremko pia: vidole vikigonga mbele unaposhuka, zile kucha zangu mbili zinakusubiri.

Ukifika nyumbani usiianike juani ikilowa. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, iache kivulini. Na chukua kalamu uandike tarehe ya kununua ndani ya ulimi. Ukikimbia kilomita 40 kwa wiki, wiki kumi na tano ni 600, na kwa mtumba mimi hukata hesabu hiyo nusu. Ya kwangu ya sasa imeandikwa 14/6. Kila nikifunga kamba naiona, na goti la kushoto limeanza kuniambia kabla ya kalenda.