Alama zikipanda ghafla, kagua data kwanza

Ukiwa mtafiti mwandamizi wa akili unde kwenye kampuni, timu ikikuletea modeli ya tafsiri iliyopanda alama nyingi kwa mpigo, usikimbilie kuwaandikia wakubwa. Tafuta uvujaji kwanza, yaani sentensi za kipimo kuingia kwenye data za mafunzo. Kipimo cha tafsiri cha FLORES-200, kilichotolewa na Meta mwaka 2022, kina Kiswahili, na sentensi 1,012 za sehemu yake ya kupimia ziko wazi mtandaoni. Ukizoa matini kwa wingi kutoka intaneti, ni rahisi mno zikaingia kwenye data za mafunzo bila mtu kujua.

Kata kila sentensi ya kipimo vipande vya maneno manane hivi, uvisake kwenye data yote. Saka upande wa Kiingereza pia, wengi huusahau. Ukizikuta sentensi hizo, ziondoe kwenye data za mafunzo kisha fundisha modeli upya, hata kama ni gharama.

Halafu soma tafsiri hamsini kwa macho yako mwenyewe. Kazi hii usimwachie kijana aliyeajiriwa juzi. Hapo ndipo utakapokutana na “barua wamefika” badala ya “barua zimefika”, kosa ambalo alama ya wastani hulifunika kabisa lakini msomaji wa Kiswahili huliona papo hapo.